Pamba Mdomoni

Jino lilitoka jana, gego la chini kulia,
na leo niko Malindi, ofisi ya vizazi na vifo,
dirisha la tatu, shavu limejaa pamba.
Siwezi kutamka hata jina langu.

Karani, Bi Zuwena, amepanga karatasi zangu mbele yake.
Cheti cha ubatizo: Zakaria.
Kitambulisho: Zacharia,
na hiyo h imeingia bila kubisha hodi.
Kadi ya kliniki: Sakaria,
maana muuguzi wa zamu alitoka mbali, na z kwao haioti.
"Wewe ni watu wangapi?" ananiuliza.
Nainua kidole kimoja.

Kazini niko wa nne.
Bwana Renzo wa aiskrimu huniita Zakariiia,
akiivuta ile i kama tambi kutoka sufuriani.
Na Fundi Shekue, anayeshona kanzu mlango wa pili,
husema Zakariya, alayhi salamu,
kisha hucheka:
nabii hakuwahi kudaiwa pesa za kukunja suruali.

Ndiye aliyenifungulia jina, pini zikiwa mdomoni.
Limetoka kwa Waebrania, alisema, lina vipande viwili,
mbele kukumbuka, nyuma Mungu.
"Zakari yao na zikiri yetu ni watoto wa ndugu.
Usiku wa Ijumaa ukitusikia kule Shela,
jua nusu ya jina lako imo vinywani mwetu."

Mungu amekumbuka.
Nilikuwa na miaka thelathini na moja,
nimelibeba muda wote huo
kama mtu aliyetumwa barua asiyoweza kuisoma.

Mama hakujua Kiebrania. Alijua Kakuyuni,
miaka tisa ndani ya ndoa bila mtoto,
mawifi wakihesabu misimu ya mahindi kwa sauti
ili asikie.
Nilipozaliwa, babu Tsuma akadai jina lake.
Ilikuwa haki: kwetu Ugiriamani
jina hurudi nyumbani kama mbuzi jioni.
Mama akakataa. Mara moja tu maishani alikataa.
"Tsuma alinisahau
siku alipomtafutia mwanawe mke wa pili.
Huyu ataitwa kwa aliyenikumbuka."
Babu hakunipakata hadi nilipoota meno.

Lakini jina lina mwiba, na niliukanyaga mapema.
Anayekumbuka si ndiye aliyesahau kwanza?
Miaka tisa alikuwa wapi?
Nilimuuliza mama.
"Uliza tumbo," akasema,
akaendelea kuchambua mchicha.

Sasa amelala Kakuyuni,
alitutoka miezi minne kabla ya huyu mtoto.

"Haya, jina la msichana?"
Nyumbani hatujaelewana.
Mke wangu anataka Abigaeli,
shemeji anasema Kezia,
mchungaji ameleta Hadasa, kwa ujumbe wa simu,
na kila mmoja ameshaanza kumwita lake
mtoto akigeuza kichwa huku na huku.

Namfikiria yule Zakaria wa hekaluni,
ulimi umefungwa, jamaa wamejaa chumbani
wakimchagulia mwanawe jina,
naye akiashiria apewe kibao cha kuandikia.
Yeye alifungwa na malaika.
Mimi, na daktari wa meno wa Barani,
shilingi elfu moja mia tano.

Naomba kalamu kwa mkono.
Bi Zuwena anaisukuma, ina kamba shingoni.
Naandika herufi kubwa, moja moja:
NYEVU.

"Nyevu?" Ananitazama juu ya miwani.
"Siku hizi watu wanatuletea ya Biblia."

Nataka kumwambia kwamba hili nalo,
ukiligeuza upande wa ndani, ni langu lilelile;
kwamba kuna mwanamke aliyechambua mchicha
na leo kuna mtu aliyekumbuka.
Pamba imelowa.
Natikisa kichwa kwamba ndiyo.

Anagonga muhuri. Kwenye mstari wa baba
anaandika polepole, kwa mwandiko mzuri: Zakariah.
Ile h imezunguka, imekwenda kukaa nyuma.
Naiacha ikae.